Farsakhi na Maili: Neno Moja la Masafa katika Lugha Kadha

Msomaji wa vitabu vya sheria ya Kiislamu, akifika katika mlango wa sala ya msafiri, hukutana na neno farsakhi. Mara nyingi hulikuta limefuatwa na maelezo mafupi ya kuwa farsakhi ni maili tatu, kisha habari huendelea kama kwamba jambo limekwisha. Maelezo hayo ni mafupi na yaonekana safi, lakini sisi twaona ya kuwa yamewapoteza watu wengi, wala si wajinga tu. Kosa haliko katika hesabu; tatu ni tatu. Kosa limejificha katika neno maili. Basi yatupasa kwanza kulifuata neno farsakhi tangu kwao, tuone lilivyobadilika umbo kila lilipovuka mpaka wa lugha, ndipo tuirudie hiyo maili iliyowekwa ubavuni mwake.

Tuondoe kwanza dhana moja. Mtu aliyezoea Kiswahili, akilisikia neno hili, aweza kudhani ya kuwa ni ndugu wa farasi, yaani mwendo wa farasi kwa muda fulani. Dhana hiyo yavutia, nayo haina msingi. Kwa Kiarabu faras ni mnyama na farsakh ni masafa, na herufi ile ya mwisho, kha, haikuongezwa kwa pambo. Wala halina udugu na frasila, kipimo cha uzito kilichotumika katika biashara ya pembe na karafuu. Farsakhi si neno la Kiarabu kwa asili yake. Waarabu walilipokea kwa jirani zao, nao jirani zao walilipokea kwa Waajemi.

Kwa Waajemi wa kale umbo lake halikuandikwa mahali tuwezapo kulisoma hata leo, bali wataalamu hulijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizoliazima. Shahidi wa kwanza aliye wazi ni Myunani Herodotus, wa karne ya tano kabla ya Kristo. Yeye alilisikia kama parasanges, naye asema ya kuwa parasanges moja ni stadia 30. Stadia ya Wayunani ilitofautiana mji kwa mji, lakini tukiikadiria kati ya mita 177 na 192, twapata kilomita 5 na nusu hivi kwa parasanges. Herodotus huyo huyo aeleza Njia ya Mfalme, kutoka Sardis hata Susa, ya kuwa ilikuwa parasanges 450, na ya kuwa mtu akienda stadia 150 kila siku, atafika kwa siku 90. Asema pia, na sisi twapenda neno hili lake, ya kuwa watu wenye ardhi haba hupima kwa pima za mikono, wenye ardhi zaidi hupima kwa stadia, na wenye ardhi kubwa hupima kwa parasanges. Hapo pana elimu zaidi kuliko katika majedwali mengi ya vipimo. Kipimo huzaliwa na nchi. Mwenye shamba la mihogo hana kazi na farsakhi.

Lakini je, ilikuwa stadia 30 kweli kweli? Strabo, aliyeandika miaka mia nne na zaidi baadaye, asema ya kuwa wako waliosema 60, wengine 30, wengine 40. Tofauti hiyo ni kubwa mno isiweze kuitwa uzembe wa wapimaji. Kamba ya mpimaji yaweza kupotoka kidogo. Haiwezi kurefuka maradufu. Na tukimtazama Xenophon, aliyesafiri pamoja na askari wa Kiyunani katika nchi ya Waajemi mwaka 401 kabla ya Kristo, twaona jambo lile lile kwa upande mwingine. Katika kitabu chake Anabasis, kila mwendo wa jeshi hutajwa kwa vituo na parasanges. Wachunguzi walipozilinganisha hesabu zake na ramani, waliona ya kuwa parasanges zake si za urefu mmoja. Mahali pengine ni ndefu, pengine ni fupi. Wengi wameeleza jambo hili kwa kusema ya kuwa neno hilo lilihesabu muda wa mwendo: nchi ikiwa tambarare, jeshi hukata ardhi nyingi kwa saa, nchi ikiwa na vilima au matope, hukata kidogo, na parasanges hubaki ile ile kwa mwenye kutembea, ingawa si ile ile kwa mwenye ramani.

Sisi twayakubali maelezo hayo, na twaongeza dalili moja. Katika Anabasis pana mahali ambapo mwendo wote kutoka Efeso hata uwanja wa vita umejumlishwa: vituo 93, parasanges 535, stadia 16,050. Msomaji na azidishe 535 mara 30. Atapata 16,050 kamili, bila kupungua hata moja. Hakuna njia duniani inayotoka sawa hivyo. Stadia hizo hazikupimwa na mtu yeyote; mtu aliketi, akachukua parasanges zilizohesabiwa kwa miguu, akazizidisha kwa 30. Ndivyo muda ulivyogeuzwa kuwa urefu kwa kalamu. Twaomba msomaji aishike habari hii, kwa maana itarudi.

Kutoka kwa Waajemi neno lilisafiri pande zote. Waarmenia walilifanya hrasakh, kwa kufuata desturi ya lugha yao ambayo mara nyingi huweka h mahali pa f au p ya jirani. Wasemao Kiaramu walilifanya parsa, na kwa umbo hilo limeingia katika Talmud ya Wayahudi. Waarabu, wasio na sauti ya p, wakalifanya farsakh, na wingi wake farasikh. Baada ya Uislamu kuenea Uajemi, umbo la Kiarabu likarudi nyumbani kwa Waajemi wenyewe, likakaa karibu na farsang yao ya kale, hata leo maneno yote mawili yajulikana huko, kama mtu aliyekwenda ng'ambo akarudi na jina jipya na kumkuta pacha wake kiamboni. Waturuki wakachukua fersah, na kwao neno limepata maana ya pili: wakisema fersah fersah, hutaka kusema ya kuwa kitu kimoja kimekipita kingine kwa mbali sana.

Sasa twafika penye mgogoro. Katika Talmud parsa moja ni mil nne. Katika vitabu vya Waarabu farsakhi moja ni mil tatu. Mtu mwenye haraka atasema ya kuwa mmoja wa hao wawili amekosa, au ya kuwa farsakhi ya Waarabu ilikuwa fupi. Hakuna aliyekosa. Mil ya Talmud ni dhiraa 2,000. Mil ya Waarabu, kwa hesabu iliyo mashuhuri, ni dhiraa 4,000. Basi parsa ya nne ni dhiraa 8,000, na farsakhi ya tatu ni dhiraa 12,000. Aliye na hesabu ndogo ndiye mwenye masafa marefu! Tena dhiraa yenyewe, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, ilitofautiana kwa soko na kwa mtawala, na wako wanazuoni wa Kiarabu walioihesabu mil kwa dhiraa 3,000 na wengine kwa 6,000. Na kwa kuwa farsakhi imewekwa mlangoni mwa ibada, fakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa mwambao wetu, waliona haja ya kubainisha: masafa ya kufupisha sala ni burud nne, kila baridi farsakhi nne, jumla farsakhi 16, kila farsakhi mil tatu, jumla mil 48 za Kihashimi. Wakaongeza ya kuwa kwa mil za Banu Umayya ni 40, kwa sababu tano za hao ni sawa na sita za Kihashimi. Masafa ni yale yale, nambari ni mbili. Wazee hao walijua hatari ya kutaja nambari bila kumtaja mwenye kipimo.

(Neno baridi hapo lisimshangaze msomaji. Halihusu hewa ya Kilimanjaro. Ni barid ya Kiarabu, yaani kituo cha tarishi, na leo Waarabu huita posta kwa neno hilo hilo. Ile baridi yetu ya mwilini ni barid yenye irabu ndefu mahali pengine. Kiswahili kimezifanya mbili zifanane.)

Neno mil nalo lina ukoo wake. Warumi walisema mille passus, hatua elfu, wakihesabu hatua moja kuwa mguu wa kulia tangu unapoinuka hata unapotua tena. Maili yao ilikuwa kama mita 1,480. Neno likaingia Kiyunani, likaingia Kiaramu, likaingia Kiarabu kama mil. Kwa njia nyingine neno hilo hilo la Warumi likapanda kaskazini, likawa mile ya Waingereza, nayo kwa sheria ya mwaka 1593 ikafungwa katika futi 5,280, yaani mita 1,609. Ndiyo iliyokuja kwetu kwa meli na kwa reli, tukaiita maili. Basi mil ya fakihi na maili ya barabara ni watoto wa mama mmoja waliolelewa nchi mbili. Wana sura moja na jina moja, lakini hawana urefu mmoja.

Hasara ya kuwachanganya ilikwisha kuonekana zamani. Katika karne ya tisa, kwa amri ya khalifa al-Ma'mun, wanajimu walikwenda katika nchi tambarare wakapima urefu wa digrii moja ya dunia, na hesabu iliyoenea ni mil 56 na theluthi mbili. Al-Farghani akaiandika katika kitabu chake cha nyota, nacho kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya kumi na mbili, na mwandishi akajulikana Ulaya kwa jina la Alfraganus. Karne tatu baadaye Christopher Columbus aliisoma nambari hiyo na kuipenda. Lakini aliisoma kwa maili za Italia, zilizo karibu na zile za Warumi. Digrii ambayo ni kilomita 111 ikawa kwake kama kilomita 84. Akaifanya dunia kuwa ndogo kwa kadiri ya robo, akaongeza makosa mengine juu ya hilo, akaamini ya kuwa Asia iko karibu upande wa magharibi. Mwaka 1492 akatweka. Kama isingalikuwako nchi nyingine katikati, yeye na mabaharia wake wangalikufa kwa njaa na kiu. Mfasiri wa Kilatini aliandika nambari sawasawa. Wala hakuna aliyekosea kuzidisha. Lilikosewa neno moja tu lililofanana katika lugha mbili.

Turudi kwetu. Siku hizi barabara zetu hupimwa kwa kilomita, na mwenye kueleza farsakhi hana budi kufasiri mara mbili: farsakhi kuwa maili, kisha maili kuwa kilomita. Akichukua mil 48 kuwa maili za Kiingereza, atapata kilomita 77 na kidogo. Akichukua mil ya dhiraa 4,000, na dhiraa kuwa sentimita 46.2, farsakhi itakuwa mita 5,544, na jumla itakuwa kilomita 88 na mita 700 hivi. Wako pia wanaotaja kilomita 80 na kidogo, kwa kipimo kingine cha dhiraa. Sasa na tumtazame mtu atokaye Moshi kwenda Arusha. Njia yake ni kama kilomita 80. Kwa hesabu ya kwanza yeye ni msafiri: atafupisha sala zake, na katika Ramadhani ana ruhusa ya kula. Kwa hesabu ya pili yeye hajawa msafiri. Akila amevunja saumu bila ruhusa. Watu wawili waketio kiti kimoja katika basi, wa madhehebu moja, waweza kufika Arusha mmoja amefunga na mmoja amefungua, na kila mmoja akasema ya kuwa kitabu chake chataja maili 48. Nao wote wawili watasema kweli.

Hatutoi fatwa, kazi hiyo ina wenyewe, nao wana njia zao za kupima na kuchagua. Twasema juu ya lugha tu. Mwenye kuandika kwa Kiswahili ya kuwa farsakhi ni maili tatu, pasipo kusema ni maili ya nani, hajafasiri. Amehamisha sauti. Na jambo hilo ni baya zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiarabu, kwa kuwa Mwarabu asomaye mil katika kitabu cha kale ajua ya kuwa yu katika kitabu cha kale. Bali Mswahili asomaye maili huona mbele ya macho yake jiwe la barabara lililowekwa na serikali ya Waingereza. Ingefaa waandishi waache neno mil kama lilivyo wanaponukuu hesabu za fakihi, na walihifadhi neno maili kwa ile ya mita 1,609 peke yake. Twajua ya kuwa wako watakaosema mil si Kiswahili. Farsakhi nayo haikuwa Kiswahili, wala masafa.

Na kwa kuwa tumelitaja neno masafa, hebu tulitazame. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu hulitoa katika kitenzi kimaanishacho kunusa. Wasema ya kuwa kiongozi wa njia jangwani, akipotewa, huchukua udongo akaunusa, apate kujua kama yu njiani na amebakiza kiasi gani. Ikiwa asili hiyo ni ya kweli au ni hadithi ya wenye kamusi, yatosha kutuonyesha ya kuwa hata neno lenyewe la umbali halikuanza kwa kamba na jiwe. Lilianza kwa mwili wa msafiri.

Wala wenyeji wa nchi hizi hawakuwa na desturi nyingine. Misafara ya karne ya kumi na tisa, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, ilihesabu miendo na kambi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, Novemba mwaka ule ule. Na katika maandishi ya Burton limehifadhiwa neno moja la wapagazi ambalo vijana wengi hawalijui tena, nalo ni tirikeza. Maana yake ni kuondoka kambini alasiri badala ya alfajiri, watu wakichukua maji yao, walale njiani mahali pakavu, wapate kufikia maji kesho yake asubuhi. Neno hilo lapima nini? Halipimi maili. Halipimi hata saa. Lapima umbali uliopo kati ya maji na maji, ukilinganishwa na nguvu za mtu mwenye mzigo kichwani. Mwenye kamusi akiandika ya kuwa tirikeza ni mwendo wa maili kadha, atakuwa amefanya kama yule aliyezidisha 535 mara 30.

Ni haki pia tuwasifu waliofasiri vema. Katika Injili ya Luka, kijiji cha Emau kilikuwa stadia 60 kutoka Yerusalemu. Waliotengeneza Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union, hawakuweka stadia, wala maili saba. Waliandika muda wa kutembea, saa mbili. Mwenye kupima atanung'unika: stadia 60 ni kama kilomita 11, na kuzimaliza kwa saa mbili kwataka miguu myepesi, sisi tungaliongeza nusu saa, hasa kwa watu wawili wenye huzuni waliokuwa wakizungumza njia nzima. Lakini njia waliyoichukua ni njema, kwa sababu msikilizaji wa Kilwa au wa Kigoma huelewa mara moja jinsi jioni ilivyowakuta wale wawili huko. Kwa nini basi, walipofika kwa Yohana, penye Bethania iliyokuwa stadia 15 kutoka mjini, wakaandika maili mbili? Nusu saa na zaidi kidogo ingalitosha, na ingalipatana na Emau. Msomaji asomaye vitabu vyote viwili hawezi kujua ya kuwa Myunani alitumia neno moja mahali pote pawili, na ya kuwa Bethania ilikuwa robo ya njia ya Emau.

Limebaki jambo dogo la maandishi. Wako waandikao farsakh bila irabu mwishoni, wako waandikao farsakhi, na wengine huandika farsaha, kwa kuwa kh huwa h katika vinywa vya wengi. Twapendelea farsakhi, kwa maana yafuata desturi ya Kiswahili ya kumaliza neno kwa irabu na yahifadhi herufi iliyolitenga neno hili na farasi. Wingi wake usibadilike: farsakhi moja, farsakhi kumi na sita, kama tusemavyo maili moja na maili kumi. Mafarsakhi tuliyoyaona mahali mahali hayapendezi sikioni, nayo yamfanya msomaji adhani ya kuwa asoma habari za watu.